Dolly Parton alipoingia roki, mashabiki wakagawanyika

Machi 2022 Dolly Parton alifanya jambo ambalo ni wanamuziki wachache wangelithubutu. Jina lake lilikuwa limependekezwa kuingia Rock and Roll Hall of Fame, jumba la heshima la magwiji wa roki nchini Marekani, naye akaandika hadharani kuomba liondolewe. Hoja yake ilikuwa fupi: hajaitumikia roki kiasi cha kustahili heshima hiyo, na hataki kura zigawanyike kwa ajili yake. Akaongeza kwamba huenda siku moja angerekodi albamu ya roki, kwa kuwa mumewe, Carl Dean, alikuwa mpenzi mkubwa wa muziki huo.

Wenye jumba wakamjibu kwamba karatasi za kura zimeshatumwa, na kwamba mlango wao haukuwekwa kwa ajili ya aina moja tu ya muziki. Wapiga kura wakamchagua. Novemba 5 mwaka huohuo, jijini Los Angeles, akaingizwa rasmi pamoja na Eminem, Lionel Richie, Duran Duran, Pat Benatar na wengine. Kwa mtu mwenye tabia ya Dolly, heshima ambayo anaona hajaifanyia kazi ni deni. Akaenda studio kulilipa.

Malipo yalitoka Novemba 17, 2023. Albamu inaitwa Rockstar na ina nyimbo 30, zinazochukua zaidi ya saa mbili na dakika ishirini kuzisikiliza zote. Kati ya hizo, 21 ni za watu wengine, nyingi zikiwa zile ambazo redio za Marekani na Uingereza zimezicheza tangu miaka ya 1970. Wageni waliomsindikiza ni msafara: Paul McCartney na Ringo Starr, Elton John, Sting, Stevie Nicks, Debbie Harry, Steven Tyler, Joan Jett, Rob Halford wa Judas Priest, na Miley Cyrus ambaye Dolly ni mama yake wa ubatizo. Wakati huo Dolly alikuwa na miaka 77.

Kwenye chati ya Billboard 200 albamu iliingia moja kwa moja nafasi ya 3, ikiwa na hesabu ya 128,000 katika wiki ya kwanza, hesabu inayojumlisha nakala zilizouzwa na usikilizaji wa mtandaoni. Sehemu kubwa mno ya hesabu hiyo ilikuwa nakala zilizonunuliwa. Hakuna albamu nyingine yake iliyowahi kufika juu hivyo. Iliyokuwa ikishikilia rekodi hiyo, Blue Smoke ya mwaka 2014, iliishia nafasi ya 6.

Ukitazama hesabu hizo peke yake utadhani mashabiki walikuwa kitu kimoja. Hawakuwa.

Ubishi huu unawahusu wasomaji wa Afrika Mashariki kuliko inavyodhaniwa, hasa Kenya. Muziki wa kantri una mizizi huko kwa miongo mingi. Nyimbo za Jim Reeves zilipigwa kwenye santuri sebuleni, na mpaka leo Krismasi katika nyumba nyingi haijakamilika bila sauti yake. Don Williams, Kenny Rogers na Skeeter Davis ni majina ya nyumbani. Kipindi cha Sundowner cha KBC kimelea vizazi kwa nyimbo za zamani za aina hiyo, na katika baa za Nakuru, Eldoret na Nairobi usiku wa kantri unajaza watu wenye kofia pana na buti. Nairobi ina wanamuziki wake wa kantri wanaoheshimika, akiwemo Elvis Otieno, anayejulikana zaidi kama Sir Elvis.

Dolly ana nafasi ya pekee katika mapenzi hayo, na si kwa sababu ya sauti tu. Msikilizaji wa huku anayaelewa maisha aliyoyaimba. Alizaliwa Januari 19, 1946 katika kaunti ya Sevier, milimani mashariki mwa Tennessee, mtoto wa nne kati ya kumi na wawili. Familia iliishi katika kibanda cha magogo, na daktari aliyemzalisha mama yake alilipwa mfuko wa unga wa mahindi. Wimbo wake kuhusu koti ambalo mama yake alimshonea kwa vipande vya vitambaa, na jinsi wanafunzi wenzake walivyomcheka, haumhitaji mkalimani Nyeri wala Njombe. Jolene, wimbo wa mwanamke anayemsihi mwenzake asimchukulie mume, ulitoka mwaka 1973 na bado unaimbwa na watu ambao wazazi wao hawakuwa wamekutana ulipotoka.

Kwa shabiki wa namna hiyo, Dolly ni gitaa la mbao, banjo na hadithi. Ndiyo maana baadhi yao walipousikia muziki wa Rockstar, wenye gitaa za umeme zinazonguruma na ngoma nzito, waliona kama wamefungua mlango wa jirani kimakosa. Lawama yao haikuwa kwamba anaimba vibaya. Walilalamika kwamba hawamwoni yule wanayemjua. Nyimbo zinafuatana, mgeni anatoka na mwingine anaingia, na mwenye albamu mara nyingine anageuka mwitikiaji katika shughuli yake mwenyewe.

Lalamiko hilo lina uzito. Penye wengi pana mengi, na albamu yenye wageni wengi kiasi hiki ina hatari ya kumzika mwenyeji. Katika wimbo wa Sting, kwa mfano, Sting mwenyewe yupo, mpangilio wa muziki ni uleule wa mwaka 1983 kwa karibu kila kitu, na msikilizaji anabaki akijiuliza Dolly ameongeza nini ambacho hakikuwapo. Hali hiyo inajirudia kwenye wimbo wa Debbie Harry na ule wa Joan Jett. Mtayarishaji Kent Wells, aliyefanya kazi na Dolly kwa miaka mingi, amezipanga nyimbo hizi kwa heshima kubwa kwa rekodi za asili, na heshima hiyo ndiyo inayozifunga miguu.

Mashabiki wa roki nao walikuwa na lao. Roki waliyokulia ina ukali, hasira na jasho. Ya Dolly ina tabasamu. Wapo walioona ni kama bibi mkarimu amewaandalia karamu ya chakula wanachokipenda, kikapikwa bila pilipili. Wengine walimtetea wakisema hakuna sheria inayomtaka kila mwanaroki apige kelele kama amekanyaga moto.

Urefu wa albamu ndio uliowaunganisha wengi zaidi katika kulalamika. Nyimbo 30 ni nyingi. Hata waliompenda Dolly tangu utotoni walikiri kwamba kama ingekatwa nusu, kazi ingepata nguvu maradufu. Dolly mwenyewe alieleza kwamba kila wimbo alioufikiria aliona vigumu kuuacha, maana hakutarajia kurekodi albamu nyingine ya roki. Kwa mwanamke aliyekuwa akikaribia miaka 80 hoja hiyo inaeleweka. Haiondoi ukweli kwamba katikati ya albamu kuna eneo refu ambalo mtu anaweza kulipita bila kukosa kitu.

Waliofurahi walianza na sauti. Na hapo wana haki. Ile sauti nyembamba inayotetemeka kidogo mwishoni mwa mstari, kama mtu anayezuia kilio, imebaki na Dolly kwa zaidi ya miaka hamsini. Imepungua upana, ndiyo, na kwenye noti za juu unasikia juhudi. Lakini akiwa na Miley Cyrus katika Wrecking Ball, wimbo ulioimbwa kwanza na binti huyo mwaka 2013, Dolly hapotei. Miley ana sauti nzito yenye mkwaruzo, Dolly anapita juu yake, na wimbo wa majuto ya ujana unapata maana nyingine unapoimbwa na mwanamke aliyeishi ndoa moja tangu mwaka 1966.

Wimbo wa kundi la Lynyrd Skynyrd ulioingizwa humu, Free Bird, uliwagusa mashabiki kwa sababu nyingine. Sauti ya Ronnie Van Zant inasikika pamoja na ya Dolly, ingawa Van Zant alifariki katika ajali ya ndege Oktoba 20, 1977 huko Mississippi. Gary Rossington, aliyenusurika ajali ile, anapiga gitaa. Naye alifariki Machi 2023, miezi michache kabla albamu haijatoka. Wapo waliosema kuimba pawili na marehemu ni kuvuka mpaka. Lakini wenzake walishiriki, na Dolly anaimba kwa utulivu unaomwachia Van Zant nafasi. Ni miongoni mwa nyimbo ndefu kwenye albamu, na hauchoshi.

Kisha kuna suala ambalo halikuhusu noti wala ngoma, nalo ndilo lililochoma zaidi.

Mmoja wa wageni ni Kid Rock. Mwanamuziki huyo wa Michigan anajulikana Marekani kwa siasa zake za mrengo wa kulia kama anavyojulikana kwa muziki. Aprili 2023 alijirekodi akifyatulia risasi makopo ya bia ya kampuni iliyokuwa imefanya tangazo na mwanamke aliyebadili jinsia. Mashabiki wa Dolly ni mchanganyiko usiopatikana kwa mwimbaji mwingine wa kantri: waumini wa makanisa ya kusini, wakulima, wanawake wa ofisini waliomchukua kama msemaji wao tangu filamu ya 9 to 5 ya mwaka 1980, na jamii kubwa ya mashoga na waliobadili jinsia ambao amewatetea kwa miaka mingi. Kundi hili la mwisho lilipoliona jina la Kid Rock kwenye orodha ya wageni, lilihisi limesalitiwa. Wengine walisema wazi kwamba wataruka wimbo huo kila wakisikiliza albamu.

Upande wa pili nao ukapata la kusema. Lizzo, anayepiga filimbi kwenye mojawapo ya nyimbo hizo, alifunguliwa kesi Agosti 2023 na waliokuwa wacheza dansi wake, nao waliomchukia wakataka aondolewe. Dolly hakumwondoa yeyote. Kuhusu Kid Rock alieleza kwamba kumpenda mtu si kukubaliana na kila anachofanya, na kwamba yeye hamhukumu mtu. Kwa wengine jibu hilo lilikuwa uungwana wa Kikristo. Kwa wengine lilikuwa kukwepa.

Msimamo huo si mpya. Dolly ameishi kwa kukataa kuvutwa kwenye siasa za vyama. Alikataa mara mbili nishani ya juu ya kiraia wakati wa utawala wa Donald Trump, kwanza kwa sababu mumewe alikuwa mgonjwa, kisha kwa sababu ya korona. Utawala wa Joe Biden ulipoanza alisema sasa akiikubali itaonekana ni siasa. Wakati huohuo alichangia dola milioni 1 kwa utafiti wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt uliosaidia kupatikana kwa chanjo ya Moderna, na mradi wake wa vitabu vya bure kwa watoto wadogo umeendelea tangu mwaka 1995. Anasaidia bila kuuliza kadi ya chama. Bei yake ni kwamba kila upande unamdai uaminifu wote, na hakuna upande unaoupata.

Cha kushangaza ni kwamba wimbo wa kwanza uliotolewa kutoka albamu hii, World on Fire, ndio wenye maneno makali zaidi kuhusu viongozi waongo na dunia inayoungua kati ya nyimbo zote alizotunga kwa miaka mingi. Hautaji chama. Aliuimba Mei 11, 2023 kwenye tuzo za wanamuziki wa kantri huko Texas, mbele ya watu ambao wengi wao hawapendi kuhubiriwa. Wakasimama wakapiga makofi.

Wiki moja baada ya albamu kutoka palizuka jingine. Siku ya Shukrani, Novemba 23, alitumbuiza wakati wa mapumziko ya mechi ya timu ya Dallas Cowboys akiwa amevaa sare ya washangiliaji wa timu hiyo: kaptura fupi, kizibao chenye nyota, tumbo limefunikwa kwa kitambaa chepesi. Waliosema mwanamke wa miaka 77 hapaswi kuvaa hivyo walijibiwa na wengi zaidi waliosema anavaa atakavyo. Ubishi huo haukustahili muda uliopewa. Mavazi ya Dolly hayajawahi kuwa ya mtu mpole tangu alipoanza kuonekana kwenye televisheni na Porter Wagoner mwaka 1967.

Wanaodai kwamba Dolly amewakimbia mwaka 2023 wanasahau kwamba kilio hiki kina umri. Oktoba 1977, mwezi uleule ndege ya Lynyrd Skynyrd ilipoanguka, alitoa albamu iitwayo Here You Come Again. Alikuwa ameshaachana kikazi na Porter Wagoner, amechukua meneja wa Los Angeles, na wimbo wa kichwa cha albamu ulitungwa na Barry Mann na Cynthia Weil, watunzi wa pop wasio na uhusiano wowote na milima ya Tennessee. Kinanda kiko mbele, kila kitu kimepigwa pasi. Dolly alihofia mashabiki wake wangemkana, akamsihi mtayarishaji Gary Klein aweke gitaa la steel, lile linaloteleza na kulia, ili akilaumiwa aweze kuonyesha kwamba kantri bado imo humo. Gitaa likawekwa.

Nashville ilikuwa na vidonda vibichi wakati huo. Mwaka 1974 tuzo ya mwimbaji bora wa kike wa kantri ilikwenda kwa Olivia Newton-John, mzaliwa wa Uingereza aliyekulia Australia, na wanamuziki wa kantri wakakutana nyumbani kwa George Jones na Tammy Wynette kuunda chama cha kulinda muziki wao. Mwaka 1975 Charlie Rich alifungua bahasha ya mshindi wa tuzo ya mburudishaji bora, akakuta jina la John Denver, akaichoma kwa kiberiti mbele ya kamera. Katika hali hiyo, mwimbaji aliyehamia pop alionekana msaliti. Dolly alisema haiachi kantri, anakwenda nayo. Wimbo ulishika namba moja kwenye chati ya kantri na namba 3 kwenye chati ya jumla, albamu ikauza nakala milioni moja, na mwaka 1978 waandaaji wa tuzo hizohizo za kantri wakampa taji la mburudishaji wa mwaka.

Kilichofuata kinajulikana hata kwa wasiofuatilia. Mwaka 1983 aliimba na Kenny Rogers wimbo Islands in the Stream, ambao mpaka leo ukipigwa kwenye harusi Nairobi wazee wanainuka vitini. Wakenya wengi wakiulizwa wataje wimbo mmoja wa kantri, huenda wakautaja huo. Ulitungwa na ndugu watatu wa Gibb, yaani Bee Gees, kundi la disko. Na wimbo wake mwingine, ule wa kuagana na Porter Wagoner aliouandika mwaka 1973, ulichukuliwa na Whitney Houston mwaka 1992 na kukaa namba moja Marekani kwa wiki 14. Mipaka ambayo mashabiki wanailinda, Dolly na nyimbo zake wameivuka mara nyingi, na mashabiki haohao wamefaidika.

Kwa hiyo swali la kama alistahili kwenda roki limeshajibiwa na historia yake. Linalobaki ni alifanya nini alipofika.

Hapa kuna ushahidi mzuri kuliko maoni ya mtu yeyote: wimbo mmoja aliourekodi mara mbili. Stairway to Heaven wa Led Zeppelin ulitoka mwaka 1971 na kwa wanaroki ni kama msahafu. Dolly aliurekodi kwanza mwaka 2002 kwenye albamu Halos & Horns, akiwa na wanamuziki wa mashariki mwa Tennessee. Wakati huo alikuwa amerejea kwenye bluegrass, muziki wa milimani wa banjo, fidla na mandolini. Mwaka mmoja kabla yake alikuwa ameuchukua wimbo Shine wa kundi la roki la Collective Soul, akaupitisha kwenye banjo, ukampatia tuzo ya Grammy. Katika Stairway ya 2002 ala ni za mbao, sauti ya Dolly inaanza karibu na kunong'ona, fidla inaingia, na unapofika kilele, pale ambapo Jimmy Page alipiga gitaa lake mashuhuri, Dolly anaingiza kwaya ya kanisa. Wimbo wa mafumbo unageuka sala. Wapenzi wa Led Zeppelin waliochukia walikuwapo. Hakuna aliyeweza kusema ameiga.

Toleo la 2023 lina gitaa za umeme, ngoma zenye nguvu na filimbi ya Lizzo. Limepigwa kwa ustadi. Filimbi ni nzuri, na kuiweka mikononi mwa mwanamke mweusi kijana aliyesomea muziki wa klasiki ni wazo jema. Lakini wimbo unafuata njia ileile waliyoichonga Led Zeppelin, kona kwa kona. Dolly wa 2002 aliuleta wimbo nyumbani kwake na kuupa kiti cha familia. Dolly wa 2023 ameufuata kwa wenyewe, na amekaa ukumbini kama mgeni mwenye adabu, mikono magotini. Tofauti hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini mtu anaweza kumpenda Dolly kwa moyo wote, akaikubali haki yake ya kuimba roki, na bado akaondoka na Rockstar akiwa hajashiba.

Nyimbo zinazosimama kwenye albamu hii ni zile ambazo adabu imewekwa kando. My Blue Tears ni wake mwenyewe, wa mwaka 1971, na anapouimba na Simon Le Bon wa Duran Duran mtu anasikia jinsi utunzi wa milimani unavyobeba muziki wowote ukiwa imara. Bygones, alioutunga mwenyewe na kuuimba na Rob Halford, unamkutanisha msichana wa Sevier na mzee wa muziki mzito kutoka Birmingham ya Uingereza, nao wanagombana kama mume na mke waliozoeana. Purple Rain anauimba bila mgeni, kwa taratibu, na hapo ndipo sauti yake ya uzeeni inapofanya kazi ambayo sauti ya ujana isingeiweza. Na Let It Be, wenye McCartney kwenye kinanda na Ringo kwenye ngoma, unaiheshimu rekodi ya 1970 bila kunyenyekea, kwa sababu Dolly anauimba kama wimbo wa injili, na injili ni lugha aliyozaliwa nayo. Babu yake alikuwa mhubiri.

Wapenzi wa gitaa la mbao hawakungoja sana. Novemba 15, 2024, mwaka mmoja baadaye, Dolly alitoa Smoky Mountain DNA: Family, Faith & Fables, mkusanyiko mrefu alioufanya na ndugu zake, wa nyimbo za ukoo unaofuatwa nyuma mpaka Uingereza ya miaka ya 1600. Banjo ipo, wajomba na shangazi wapo, makaburi ya milimani yapo. Wale waliosema ameihama kantri walinyamaza. Haikupanda chati kama Rockstar.

Carl Dean, ambaye kwa ajili ya mapenzi yake ya roki albamu nzima ilipata mwelekeo, alifariki Machi 3, 2025 akiwa na miaka 82. Tangu hapo baadhi ya mashabiki wameirudia Rockstar kwa sikio jingine, wakiichukua kama zawadi ya mke kwa mumewe zaidi ya ombi la kukubaliwa na wanaroki. Ni usikilizaji wa haki, ingawa hauufupishi urefu wake.

Hukumu, basi: ni albamu ya nyimbo kumi nzuri sana zilizofunikwa na ishirini ambazo zingeweza kubaki kabatini. Msomaji anayetaka kuamua mwenyewe asianze na wimbo wa kwanza akidhamiria kufika wa thelathini. Aanze na My Blue Tears, Bygones, Purple Rain na Let It Be, ajaribu na Free Bird akiwa na nafasi. Kisha aitafute Halos & Horns ya mwaka 2002, asikilize Stairway to Heaven zote mbili, moja baada ya nyingine, kwa sauti ya kutosha.